MAONI: Bango likisema ‘mvua au jua tunaenda’, shikilia pesa zako kwanza

Ukinyeshewa Donholm unajua cha kufanya. Unakimbilia kibanda cha M-Pesa kilicho karibu, unajibanza chini ya mabati ya mama mboga, ama unaingia Greenspan na kujifanya unaangalia bei ya viatu mpaka ipungue. Nauli ya kutoka tao itapanda, Outering itasimama, stima zitapotea na njia ya kuelekea kwenu itakuwa matope matupu. Kama huishi kando ya mto, mvua kwako ni usumbufu tu. Kila hatua ishirini kuna paa, na chini ya kila paa kuna mtu wa kupiga naye stori.

Akili hiyo ndiyo tunayoibeba tukienda mlimani, na ndiyo inayonitia wasiwasi.

Unajua ninachozungumzia. Ikifika Jumatano hivi, simu yako inaanza kujaa mabango ya wikendi. Elephant Hill Jumamosi. Longonot Jumapili. Satima kwa waliozoea. Kwa wenye likizo na akiba kidogo, Mlima Kenya siku nne, unaingilia Sirimon unatokea Chogoria, mkoba mgongoni. Kuna picha ya wasee wakiruka juu ya jiwe, jua limewaka nyuma yao. Tunakutana Archives saa 11 alfajiri, usichelewe. Halafu chini kabisa, kwa herufi ndogo, sentensi mbili ambazo wengi wetu hatuzisomi: “Mvua au jua, tunaenda. Pesa hairudishwi.”

Ukiitazama kila moja peke yake, haina shida. Mvua haijawahi kumzuia mtu aliyejipanga. Na mwenye kuandaa safari ana haki ya kujilinda dhidi ya wale wanaothibitisha leo na kuzima simu kesho. Shida ni zikikaa pamoja. Hapo uamuzi wa kuendelea au kurudi unamtoka mtu anayeangalia mawingu, unaangukia kwenye risiti ya M-Pesa. Mtu hataki kurudi kwa sababu amelipa. Kiongozi hataki kurudisha watu kwa sababu wamelipa. Mlima nao haujalipwa na yeyote.

Kabla hujaniita mwoga wa maji, ngoja nikiri kwamba siku ya mvua mlimani inaweza kuwa tamu kuliko ya jua. Hakuna picha za kupiga, kwa hivyo hakuna anayesimama kila dakika tano kurekebisha nywele. Ukungu unashuka kwenye mianzi hadi huoni zaidi ya mgongo wa aliye mbele yako. Unapanda juu ya mianzi, juu ya msitu, unafika penye lobelia zile kubwa ambazo hukusanya maji katikati ya majani yao na usiku maji hayo yanashika barafu, na unasikia tu matone yakigonga kofia ya koti lako na pumzi yako mwenyewe. Huko Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Congo, mvua ni mwenyeji wa karibu mwaka mzima. Watu hutembea kwa gambuti siku baada ya siku wakivuka vinamasi kuelekea kilele cha Margherita, mita 5,109, na wageni hutoka mbali sana kulipia matope hayo. Kwa hivyo sina ugomvi na mvua.

Nina ugomvi na kuichukulia mvua ya mlimani kama ile ya Donholm.

Piga hesabu kidogo. Joto hupungua kwa takriban nyuzi sita na nusu kila unapopanda mita 1,000. Donholm iko kama mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Kambi ya Shipton's, ambako wanaopitia Sirimon hulala usiku wa mwisho kabla ya kwenda Lenana, iko mita 4,200. Alasiri ya nyuzi 24 ambayo kwako ni ya fulana na ndala, kule ni nyuzi saba, na hapo bado hujaweka upepo. Sasa lowa. Maji hupokonya mwili joto kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa kavu. Ile jinzi yako na ile hudi ya pamba uliyovaa kwa sababu inatoka poa kwenye picha hunywa maji kama sponji, zinakuwa nzito, na hazikauki tena siku hiyo. Unatembea umevaa friji.

Wala haihitaji barafu. Watu hufikiri mtu hufa kwa baridi akiwa kwenye theluji, kama kwenye filamu. Nyuzi nane au kumi zinatosha kabisa ikiwa umelowa, upepo unavuma na umechoka. Madaktari huiita haipothamia, na huanza kuhesabiwa pale joto la ndani ya mwili linaposhuka chini ya nyuzi 35.

Ubaya wake ni kwamba inakula akili mapema. Kwanza unatetemeka, na hiyo ni kawaida. Halafu mikono inakuwa mizito, unashindwa kufunga zipu, unaangusha chupa. Maneno yanaanza kuburutika. Unajikwaa mahali ambapo hakuna jiwe. Baadaye kutetemeka kunaisha, na hapo ndipo mtu husema “niko sawa, twende tu”. Hayuko sawa hata kidogo. Mwili umeishiwa na nguvu za kujipasha joto. Rafiki yako wa mtaani angegundua, kwa sababu anajua unavyoongea. Lakini katika kundi la watu 30 waliokutana Archives asubuhi hiyo hiyo, hakuna anayejua sauti yako ya kawaida. Ukiburuta maneno watadhani ndivyo ulivyo. Ukinyamaza watasema wewe ni mpole.

Hili nimeliona. Ilikuwa Novemba, siku ya pili ya safari, kutoka kambi ya Old Moses kwenda Shipton's. Ni karibu kilomita 14, kutoka mita 3,300 hadi 4,200, na sehemu kubwa ni nyika ya nyasi ndefu isiyo na mti wa kujificha. Mlima Kenya una desturi ya kukupa asubuhi safi na kufunga mawingu kuanzia adhuhuri. Siku hiyo haukungoja. Saa nne asubuhi ilikuwa inanyesha, ile mvua nyembamba ya upande ambayo unaidharau kwanza. Tulipofika Liki North, ambako njia inashuka kuvuka mto na kuanza kupanda tena kuelekea bonde la Mackinder, ilikuwa imegeuka kuwa mawe madogo ya barafu.

Kulikuwa na msichana mmoja, mwanafunzi wa chuo, kwenye suruali ya pamba na koti la mvua la zile za kukunja mfukoni, ambalo lilikuwa limepasuka begani tangu Old Moses. Alikuwa amepiga stori gari zima kutoka Nairobi. Sasa alikuwa hasemi. Wengi wetu tulikuwa tumeinamisha vichwa, kila mtu na shida zake. Aliyemwona ni mpagazi, mzee wa makamo kutoka pande za Nanyuki, amejifunika gunia la nailoni, miguuni gambuti, mgongoni mzigo wa watu wengine. Akatua mzigo.

“Dada, unaitwa nani?”

Alichelewa kujibu. Akajibu nusu.

“Hebu gusanisha kidole gumba na kile kidogo cha mwisho.”

Akaviangalia vidole vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine.

Mzee akamgeukia kiongozi wetu. “Kijana, huyu anarudi chini sasa hivi. Nitampeleka mimi.”

Na kiongozi, kijana mzuri tu, mcheshi, ambaye naamini hakuwa na nia mbaya na mtu yeyote, akasema sentensi ambayo sijaisahau: “Lakini mzee, huyu amelipa hadi Lenana.”

Mzee hakubishana. Alitoa sweta yake mwenyewe iliyokuwa kavu ndani ya mzigo, akamwambia msichana avue alichovaa juu huku wengine wawili wakishikilia turubai kukinga upepo, akamvalisha, akampa chai ya sukari nyingi kutoka kwenye themosi, na wakaanza kushuka. Alipona. Jioni alikuwa kwenye blanketi Old Moses akiuliza kama kuna chapati. Wiki moja baadaye aliuliza kwenye kundi la WhatsApp kama angeweza kurudishiwa angalau pesa za siku mbili ambazo hakuzitumia. Akajibiwa kwamba aliondoka kwa hiari yake, na bango lilisema wazi.

Sasa jiulize. Mwingine atakayekuwa katika hali hiyo mwaka ujao, akiwa bado ana akili ya kuchagua, na amesoma jibu hilo, atasema anasikia baridi? Ama atakaza meno afike alikolipia?

Na kama hakuna mpagazi anayejua kazi yake, basi tena. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lina kikosi cha uokoaji Mlima Kenya, wanaume na wanawake wanaojua njia zile usiku na mchana. Lakini helikopta haitui ndani ya mawingu. Siku ya mvua, uokoaji ni machela na mabega ya watu, saa nyingi kwenda na saa nyingi kurudi, kwenye utelezi uleule uliokuangusha. Mnara wa simu wa Donholm haukufuati huko. Kuna mabonde mengi ambayo simu yako ni tochi tu.

Usidhani pia ni milima mirefu pekee. Elephant Hill, juu ya Njabini, ni safari ya siku moja na ndiyo wengi wetu tunaanzia. Ina zaidi ya mita 3,500. Ikinyesha, ile sehemu ya mianzi inageuka kuwa bwawa la ugali mweusi, unatumbukia hadi goti, mwendo unakuwa nusu, na watu wanajikuta bado hawajafika pale wakweaji walipopabatiza Pointi ya Kukata Tamaa ilhali saa zimeshaenda. Kisha giza linaanguka msituni ambamo kuna nyati na ndovu.

Wala si milima tu. Hell's Gate, kule Naivasha, si mlima hata kidogo, ni matembezi ya familia. Aprili 2012, vijana saba wa kundi moja la kanisa walisombwa na maji ndani ya lile korongo. Septemba 2019, watu saba tena, akiwemo mwelekezi wao. Korongo ni jembamba, kuta ni ndefu, na maji huja kutokana na mvua iliyonyesha kwingine kabisa, juu huko, wakati pale ulipo pengine ni manyunyu tu. Unaposikia mngurumo, huna pa kupanda. Miaka saba ilipita kati ya misiba hiyo miwili, na ukiniuliza, nadhani ingepita mingine mingi bila mtu kujifunza kama si KWS kulifunga korongo lile baada ya mara ya pili. Sisi wenyewe hatungejifungia.

Kuna kisa kimoja cha Mlima Kenya ambacho huwa nawasimulia wanaodhani kurudi nyuma ni aibu. Januari 1943, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Waitaliano watatu waliokuwa mateka wa Waingereza kwenye kambi ya Nanyuki walitoroka. Hawakutoroka kwenda kwao. Walitoroka kwenda kupanda mlima waliokuwa wakiutazama kupitia seng'enge kila mawingu yanapofunguka. Felice Benuzzi, aliyekuja kuandika kitabu kuhusu safari hiyo, na wenzake walikuwa wametengeneza vifaa kwa vyuma walivyookota na kuweka akiba ya chakula kidogo kidogo. Mmoja aliugua wakamwacha kambini. Wawili waliobaki wakajaribu Batian, kilele chenyewe, mita 5,199. Dhoruba ikawashika. Wakarudi. Baada ya siku chache wakapanda Lenana badala yake, wakasimika bendera, kisha wakashuka na kujirudisha wenyewe gerezani.

Hebu fikiria bei waliyokuwa wamelipa hao. Walikuwa wamehatarisha kupigwa risasi, miezi ya maandalizi, njaa. Hawangepata nafasi ya pili maishani. Na bado hali ya hewa ilipokataa waligeuza miguu. Wewe umelipa Sh2,500 na unaweza kurudi wiki ijayo kwa matatu.

Najua upande wa pili pia, na nitausema kwa sababu wengi wa waandaaji hawa ni vijana kama sisi. Ni hasla. Ijumaa usiku ameshalipa amana ya basi, ameshanunua ndizi na maji ya watu 30, ameshampigia mwelekezi wa kule. Mvua ikianza saa tisa usiku, mwenye basi hamrudishii chochote. Ukimlazimisha arudishe pesa zote, mwezi mmoja wa Aprili unamfilisi, na kesho anabaki yule mwenye roho ngumu asiyejali. Hilo ni kweli kabisa, na sitaki tumalizane na wanaojaribu.

Lakini kati ya kurudisha zote na kutorudisha hata senti kuna nafasi kubwa sana. Safari inaweza kuahirishwa, pesa zikabaki kwa tarehe nyingine. Inaweza kuwa na kilima mbadala kilichotajwa mapema: mlima mkubwa ukifunga, basi linaelekea Ngong, chakula kinaliwa, watu wanarudi na miguu yao. Bei inaweza kugawanywa, kiasi cha basi hakirudi, kiasi cha kiingilio na mwelekezi kinarudi kama havikutumika, hasa sasa ambapo kiingilio cha mbuga hulipwa kupitia eCitizen na kila shilingi ina rekodi. Na kwa safari za siku nyingi, anayerudishwa chini kwa sababu ya afya asiambiwe ameondoka kwa hiari. Hiyo ya mwisho kwangu haina mjadala.

Wapo waandaaji wanaofanya hivi tayari. Utawajua kwa sababu wanakuudhi. Wanakuuliza kama una ugonjwa wa pumu. Wanakutumia orodha ya nguo halafu Archives asubuhi wanaikagua, na kama una jinzi wanakuambia ubaki. Wanaangalia utabiri wa Idara ya Utabiri wa Hali ya Anga badala ya kuuliza kwenye kundi “wasee, huko kwenu kunakaaje?” Mtu wa hivyo mlipe hata kama ni ghali kwa mia tano.

Kuhusu sheria, tusijifanye hatuna. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya huduma ya kiwango kinachofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji, na haki ya kulindwa afya yake, usalama wake na pesa zake. Tuna pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Kampuni za utalii zinapaswa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii (TRA). Herufi ndogo za chini ya bango si Katiba. Muulize mwandaaji kama ana leseni. Akikujibu kwa emoji ya kucheka, umepata jibu.

Na kama tunaongea haki, tusimsahau yule mzee wa gunia la nailoni. Kilimanjaro, mzigo wa mpagazi hupimwa langoni na una kikomo cha kilo 20, na huwezi kupanda bila kampuni iliyosajiliwa. Bado kuna malalamiko huko, ila angalau kuna mizani. Kwetu mara nyingi unalipa safari bila kujua mpagazi anapata ngapi, amebeba ngapi, wala kama ana koti. Anayepanda kwa kujifurahisha ana koti la mvua, anayempandishia mkoba hana. Halafu mvua ikiwa kali, ndiye tunayemtegemea atuambie nani arudi. Mpe basi mamlaka ya kusema. Kabla ya kuondoka, kiongozi atangaze mbele ya kila mtu kwamba mwelekezi au mpagazi wa mlima huo akisema tunarudi, tunarudi, na hakuna wa kutaja pesa.

Sasa tuje kwa nguo, maana hapo Eastlands tuna bahati kuliko mitaa mingi. Makoti yanayouzwa kwa bei ya kutisha kwenye maduka ya mall yanapatikana Gikomba kwa bei ya binadamu, ukienda mapema na ukijua unachotafuta. Usidanganywe na nembo. Beba chupa ya maji, mwagia kidogo begani na kwenye mshono. Maji yakibiringika kama kwenye jani la nduma, zungumza bei. Yakizama, rudisha kwenye rundo. Angalia zipu ina kifuniko. Angalia kofia inakaza. Chini ya koti vaa sweta za flisi au za sufu, kwa sababu hizo zikilowa bado zinabaki na joto kiasi, pamba hapana. Nunua mbili, moja ivae, nyingine isiguse mvua kamwe hadi ufike kambini. Iweke ndani ya mfuko usiopitisha maji, ule wa kukunja mdomo na kufunga. Usiende na karatasi za plastiki za kutupwa, zilipigwa marufuku kwenye mbuga na misitu tangu Juni 2020. Suruali iwe ile nyepesi ya kukimbilia, si jinzi.

Viatu, hapa nitachekwa. Kwa Elephant Hill wakati wa mvua, gambuti inashinda raba yoyote uliyonunua kwa ajili ya TikTok. Vaa soksi nzito mbili ili zisikuchubue. Watu wa Rwenzori hawakuchagua gambuti kwa sababu hawana fasheni. Mwavuli uache nyumbani, upepo wa nyika utaugeuza antena kabla hujaufungua vizuri.

Chakula nacho wengi hukosea. Kwenye baridi mwili unachoma sukari kama moto unavyokula kuni, na mvua ikinyesha hakuna anayetaka kusimama kula. Kwa hivyo weka karanga, tende, mahamri na peremende kwenye mifuko ya nje ya koti, ule ukitembea. Themosi ya chai tamu ni mzigo mzuri kuliko spika ya Bluetooth. Tena hiyo spika, naomba, iache tu Donholm.

Na tembea na mtu mmoja unayemjua. Mmoja tu. Kazi yake ni kukusikiliza unavyoongea, na yako ni kumsikiliza yeye. Kila saa moja, muulize swali la kijinga: jina la mwalimu wa hesabu wa darasa la nane, ama nauli ya kutoka tao hadi kwenu ikiwa inanyesha. Akijibu upesi na kwa matusi kidogo, endeleeni. Akichelewa, simameni hapo hapo, mvalishe kavu, mpe cha moto, kisha mshuke pamoja. Msingoje kufika kambini ya juu kwa sababu iko “hapo tu”.

Wikendi hii kuna bango litakufikia, pengine limeshafika. Kabla ya kutuma pesa, mwandikie mwandaaji ujumbe mfupi: Ikinyesha sana mnafanya nini? Nani ana uamuzi wa mwisho wa kurudi? Nikirudishwa kwa sababu ya afya, pesa zangu zinakuwaje? Kuna mtu aliyesomea huduma ya kwanza, na yuko mbele au nyuma ya msafara? Uliza kwenye kundi, si inbox, ili wengine 29 nao wasome jibu.

Akikuondoa kwenye kundi kwa kuuliza, hifadhi ile Sh2,500. Jumamosi asubuhi nenda nayo Gikomba ukatafute koti.